Radi ya Bariadi na Taa za Mwanza

Bariadi, Ntuzu
4 Februari 1957

Kwako mwanangu Boniventura,

Mwangaluka. Itika hukohuko Mwanza, nitasikia, masikio yangu bado mazima kuliko ya vijana wa siku hizi. Sisi mhola, hatujambo. Mama yako mkubwa Kashindye goti linamsumbua, anatembea huku analitukana. Mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi kama mtu aliyesahau fimbo yake. Pamba imeota. Jirani yetu Nkwabi anakusalimu. Mimi sikumwambia kwamba nakuandikia, kaniona nimeshika kalamu akaja kusimama mgongoni kwangu, mpaka sasa yupo, ananipumulia.

Haya, picha. Nimeipata. Nimeitazama asubuhi, nimeitazama jua likiwa utosini, nimempa Kashindye naye akaitazama. Mwanangu, nimechukia. Nilitaka kutema mate nikakumbuka niko ndani ya nyumba. Hiki ulichonitumia ni nini? Ni msichana au ni gunia la unga limevaa gauni? Uso hauna kivuli, pua haina upande, shingo imeyeyuka kama siagi iliyosahauliwa juani. Hao ndio watu mnaowatengeneza huko na taa zenu?

Ulipokuja likizo ulinieleza habari za hizo taa za studio unakofanya kazi, tatu, kila moja juu ya chuma chake cha miguu mitatu, zinawaka tangu mteja anaingia mpaka anatoka analoa jasho. Nikakusikiliza kwa adabu. Leo adabu imekwisha. Mwanga gani huo unaokaa tu, kama kuku anaatamia? Mwanga wa kweli unapiga. Mimi Zengo nina kamera aliyoniachia daktari wa ng'ombe, yule Mzungu, alipokwenda kwao, pamoja na flashi yake, lile bakuli la bati linalong'aa na balbu inayowaka mara moja ikafa. Watu wa huku wanaiita radi. Miaka mingi nilimshikia ile radi ndani ya mazizi ya giza tukipiga picha ng'ombe wagonjwa, na hakuna ng'ombe aliyetoka bila kuonekana hata kupe zake. Harusi za misheni zote ni mimi. Mzungu wa mashine ya pamba akitaka picha ya ndani, haendi kwa mtu mwingine, maana mtu mwingine hayupo.

Balbu yangu moja ina mwanga kushinda taa zako zote tatu. Kataa kama unaweza.

Na huyu msichana ni nani? Nyuma umeandika "kwa kumbukumbu". Kumbukumbu ya nini? Mimi simkumbuki.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Zengo Mayala


Mwanza
27 Februari 1957

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ni nyingi, joto ndilo linaloniua. Mpe pole Mama Mkubwa. Nimempa dereva wa lori la pamba chupa ya dawa ya goti. Ni ya kuchua, isinywewe. Mzee Nkwabi pia asiionje.

Umesema nikatae kama naweza. Siwezi kukataa yote. Balbu yako ikilipuka, kwa kile kitambo kidogo inatoa mwanga ambao taa zangu tatu zingehitaji karibu nusu ya sekunde kuutoa. Hilo ni kweli, nimelisoma na nimelipima. Lakini Baba, taa zangu ni kama bomba la maji: nikitaka ndoo ijae, naliacha wazi zaidi. Yako ni ndoo nzima inayomwagwa usoni kwa mara moja. Mimi mwanga wangu nauona kabla sijapiga. Kivuli kikikaa vibaya nasogeza taa. Wewe unapiga kwanza, kilichotokea unakijua filamu ikishasafishwa. Na nani anayekusafishia filamu? Ni mimi. Kwa hiyo nayaona mengi.

Msichana anaitwa Wilhelmina, binti ya Mzee Malimi wa Mwamanyili. Shangazi yake huleta samaki wakavu sokoni hapa, naye humsaidia. Baba yangu angekuwa hai ningemwandikia yeye. Hayupo, na zizi liko kwako, na mtu wa kunisemea ni wewe. Naomba uende Mwamanyili.

Ile picha nyingine kama hiyo aliichukua yeye kwenda nayo kwao.

Mwanao mtiifu,
Boniventura


Bariadi
24 Machi 1957

Kwako Boniventura,

Marahaba. Dawa imefika, goti linanuka kama gereji. Kashindye anasema amepata nafuu lakini bado analitukana, kwa mazoea.

Umekubali mwenyewe kwamba radi inazishinda taa tatu. Nimemsomea Nkwabi mahali hapo mara nyingi. Mambo ya bomba na ndoo sikumsomea, ni maneno ya mtu aliyeshindwa.

Nimekwenda Mwamanyili, mimi na Nkwabi, juu ya magunia ya lori. Nimerudi na kinyaa. Sikiliza.

Malimi ametupokea vizuri, kiti, maziwa, ugali na sato. Binti hayupo. Unajua mwenyewe, wageni wa posa wakija binti anapelekwa kwa bibi yake, siyo vizuri kumkodolea macho. Ni desturi yetu pia, sina neno. Lakini Malimi akainuka, akaleta kitu kimefungwa kwenye kitambaa kama dawa ya mganga. Akafungua. Ni picha yako!

"Mzee mwenzangu," akasema, "binti hayupo lakini sura yake hii hapa. Unaiona hiyo rangi?"

"Naona karatasi," nikamjibu.

"Huyo hata maji ya kunde siyo. Huyo ni chai ya maziwa. Na ng'ombe za mahari ya msichana mweupe unazijua zilivyo nyingi, sihitaji kukufundisha."

"Malimi, hiyo rangi ni ya umeme. Siku umeme ukizimwa utanirudishia ng'ombe zangu?"

Nkwabi akacheka. Malimi hakucheka. Akataja ng'ombe, na dume mmoja juu yake, ambazo hata mtemi akisikia angeomba maji ya kunywa. Nikamwambia mimi sikuja kununua kijiji.

Tukatoka kwa hasira. Njiani, pale kisimani, tukamkuta msichana na mtungi wake. Alitupigia magoti, akatusalimu kwa kirefu, akatuonyesha njia ya mkato isiyo na tope. Nkwabi akamuuliza yeye ni wa nani. Akasema ni wa Malimi, ndiye Wilhelmina, anarudi kwa bibi. Boniventura! Msichana ni mweusi kama udongo wa mbuga mvua ikishanyesha. Mweusi wa kung'aa. Ndipo nilipoelewa wizi wa taa zako. Nani alizisogeza karibu hivyo mpaka mtoto wa watu akapauka? Ni wewe au ni huyo mwenye studio? Nijibu hilo.

Nikarudi kwa Malimi mbiombio, Nkwabi ananifuata anahema. Nikamwambia mbele ya jamaa zake waliokuwa bado wanakula: taa za Mwanza ni waongo. Nitakuja na radi yangu, nimpige binti yako picha, na itakayotoka ndiyo itakayotuambia ng'ombe ni ngapi. Radi haijui kudanganya. Malimi akatafuna, akameza, akasema, "Haya. Tutafuata radi yako." Watu wote wamesikia.

Nitumie balbu, zilizobaki zimeshika kutu.

Zengo Mayala


Mwanza
2 Aprili 1957

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nafurahi goti limepata nafuu. Hapa tuko salama isipokuwa mwenye studio anaumwa jino, hasemi na mtu, nasi tumepumzika.

Balbu nimezituma. Lakini naomba sana, kabla hujapiga soma barua hii, na kama umechoka kusoma mpe katekista akusomee.

Radi yako ikiwa karibu ni kali mno. Ukirudi nyuma mara mbili ya pale ulipokuwa, mwanga haubaki nusu, unabaki robo. Ukisogea mbele ni vilevile kwa kinyume chake, unaongezeka mara nne. Wewe umezoea ng'ombe, yuko mbali, ndani ya zizi lenye kuta nyeusi za moshi. Msichana atakuwa karibu, ndani ya chumba kidogo. Liweke tundu la kamera liwe dogo kabisa. Na bakuli ulifunike kwa leso nyeupe. Ukiacha wazi hatatoka yeye, utatoka mwanga wako tu.

Umeuliza nani alisogeza taa. Hilo tuliache.

Baba, mimi nataka mke. Sitaki kujua nani ana taa kubwa.

Mwanao,
Boniventura


Bariadi
15 Aprili 1957

Kwako Boniventura,

Mwadila, maana jua limeshageuka. Balbu zimefika, barua yako haikufika, nasikia mfuko wa posta umekwama na lori upande ule wa mto. Mimi sikungoja barua. Mwenye kazi yake hangoji barua.

Imekwisha. Filamu hii hapa, ameibeba dereva kifuani. Isafishe haraka.

Malimi alikuwa amewaita watu kama kuna ngoma. Mvua ilikuwa imejifunga, nje giza, nikasema tuingie ndani, ndiyo kazi ya radi. Chumba chenyewe kidogo, mgongo wangu uko ukutani na binti yuko hapo, ningenyoosha mkono ningemshika pua. Alikaa kwenye kigoda, amejifunga kanga mpya, hatazami chini wala hatazami juu. Nikamwambia Nkwabi kwa sauti, ili wajue wana mtu gani mbele yao: "Huyu binti ni mweusi, na ng'ombe mweusi hunywa mwanga kama maji. Daktari alikuwa akifungua tundu lote. Na mimi nafungua lote, kama kwa ng'ombe mweusi!"

Binti akasema polepole, "Baba mkwe, basi ningoje kwanza nitafune majani."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mama yake akakimbilia jikoni. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Nikafyatua. Boniventura, hiyo ndiyo radi! Kuku waliruka, mtoto akalia, Malimi akashika ukuta akisema haoni kitu. Nkwabi mwenyewe aliyezoea alipiga chafya. Taa zako zingekaa pale zikitoa jasho mpaka jioni na kuku wangelala usingizi. Malimi akasema, "Hakika huu ni mwanga." Nikamwambia bado hujaona, ngoja picha.

Sasa atatoka vile alivyo. Na ng'ombe zitatoka vile alivyo.

Zengo

Nilikwishafunga, nimefungua tena. Barua yako ya tarehe pili ndiyo imeingia sasa hivi. Leso! Eti niifunike radi leso, kama maiti. Umenikinaisha. Safisha filamu.


Bariadi
20 Mei 1957

Boniventura,

Mhola? Sisi mhola. Kashindye anakuulizia. Pamba inafunguka.

Kimya chako ni cha nini? Lori limekwenda na kurudi mpaka dereva ananikwepa. Malimi ametuma mtu anauliza radi imesemaje. Nimemjibu radi haikimbizwi. Ameniletea samaki, nimemrudishia mahindi, tumekuwa kama watu wa sokoni. Kama huyo mwenye studio amekukataza kusafisha filamu yangu kwa wivu, sema. Nitakuja mwenyewe Mwanza nimtazame jino.

Zengo Mayala


Mwanza
9 Juni 1957

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mama Mkubwa nampelekea kitambaa cha gauni. Hapa ni wazima, jino la mwenye studio limeng'olewa, sasa anasema kupita kiasi.

Filamu niliisafisha siku ileile ilipofika. Kilichoninyamazisha ni hicho nilichokiona. Filamu, Baba, mahali pa mwanga mwingi hugeuka nyeusi, na peusi pa filamu hutoka peupe kwenye karatasi. Hii ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kande. Mwanga wako ulimpiga kwa karibu, tundu wazi lote. Kama kumshinda mtu kwa mwanga ndiyo kazi yetu, umetushinda, taa tatu na hata ile ya chumbani kwangu juu yake.

Nilitengeneza picha kwa muda wa kawaida, kama ninavyotengeneza za kila mtu. Akatoka mweupe kuliko picha ya studio. Mweupe kuliko kuta za misheni. Macho mawili, mdomo, na kanga.

Sasa nikueleze jambo ambalo wenye studio hatulisemi mbele ya wateja. Karatasi ikikaa kidogo kwenye mwanga wa mashine ya kutolea picha, mtu anatoka mweupe. Ikikaa zaidi, anatoka maji ya kunde. Ikikaa sana, anatoka mweusi. Ni filamu ileile, msichana yuleyule, kigoda kilekile. Nimekutolea picha tatu kutoka kwenye ile filamu moja, zimo humu. Ya juu ni radi yako bila mkono wangu. Ya katikati nimeiongezea muda. Ya chini nimeiongezea zaidi, na ukimpelekea Malimi hiyo, ng'ombe nyingi zitabaki kwako. Chagua wewe.

Mimi nimepata kinyaa, Baba. Kila siku naingia chumba cha giza cha kusafishia picha, nawapaka watu rangi wanayoitaka, sikuwahi kujali. Safari hii nilipokuwa naning'iniza picha kwenye kamba nilizigeuza zitazame ukuta. Mmekaa wazee wawili mnamsoma mtu kwenye karatasi, na yeye yuko kisimani anachota maji. Rangi yake sitakwambia. Mkishindwana, nitabaki hapa nifanye kazi mpaka niweze kununua ng'ombe zangu mwenyewe, hata kama nitaota mvi. Ila Wilhelmina amesema baba yake hataningoja. Kuna mtu mwingine ameshauliza.

Alikuja sokoni juma lililopita. Nilimwonyesha zote tatu. Alizitazama, akazipanga juu ya kikapu cha samaki, akaniuliza, "Kati ya hawa nani anaolewa?"

Nikazitia kwenye bahasha hii.

Mwanao,
Boniventura


Bariadi
21 Julai 1957

Kwako Boniventura,

Marahaba. Kitambaa kimefika, Kashindye amekivaa kabla hakijashonwa. Pamba tumepeleka. Mimi mzima, lakini nimechukia, na sababu nitakueleza, kaa chini.

Picha zako tatu nilizitandaza kitandani. Kashindye akachomoa ile ya chini, nyeusi, akasema, "Hii itatuachia maziwa." Nkwabi naye, ambaye hakuitwa, akasema hiyohiyo, tena ndiyo inayofanana na yule wa kisimani. Nikawaambia wanyamaze. Nikatia zote tatu mfukoni mwa koti nikaenda Mwamanyili.

Watu wamejaa. Malimi ananingoja mlangoni. "Radi imesemaje?"

Mkono ulikuwa mfukoni, mwanangu, na kidole kilikuwa juu ya ile nyeusi. Nikakumbuka ulivyoandika, kwamba hiyo umeipika wewe gizani kwa mashine. Yaani mimi Zengo, niliyetukana studio mbele ya hadhara, nisimame pale na uongo wa studio mkononi? Nikatoa ya juu. Ile nyeupe.

Malimi akaishika. Akaigeuza, akaigeuza tena. Ikazunguka kwa jamaa. Mama yake binti akaiangalia akasema, "Huyu ameumwa nini?" Malimi akanivuta pembeni, na nakwambia aliona haya.

"Mzee mwenzangu," akaninong'oneza, "hii imezidi. Hata mimi naona imezidi. Huyu siyo mwanangu. Sema tu balbu ilikosea. Ukisema hivyo mbele ya watu, na mimi nitapunguza, tuhesabu ng'ombe za mtu wa kawaida tumalize."

"Balbu haikukosea," nikasema.

"Zengo, nakupunguzia!"

"Sitaki kupunguziwa. Niliwaambia radi haidanganyi. Ndiyo hiyo."

"Basi hata binti mwenyewe muulizeni," mtu mmoja akasema, na binti alikuwa nyuma ya mlango anacheka mpaka anashika mbavu, kwa bibi hakwenda siku ile. Akasema, "Baba, mwache. Ukimbana zaidi atakupa na kamera."

Nimewatazama wote, Malimi na haya zake, Nkwabi anayenikanyaga mguu ili nikubali, na wewe nilikutazama kule uliko na karatasi zako tatu. Mmenichefua. Nikaita jamaa wakae, nikasema kwa sauti: ng'ombe ni za msichana mweupe, zote alizozitaja Malimi mwezi wa tatu, hata yule dume. Malimi alikaa chini akaomba maji.

Ng'ombe zimeondoka jana. Zile picha mbili za chini nimezitia motoni, ile nyeusi ilichelewa kuungua. Zizi limebaki na nafasi ya kuchezea ngoma. Kashindye hasemi na mimi, anasema na goti. Nkwabi anamwambia kila anayepita njiani kwamba nilipunguziwa nikakataa, nami nimemwambia aongeze kwamba sikuombwa mara moja tu, niliombwa mara nyingi.

Usiniandikie kunishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Nilifanya kwa ajili ya balbu.

Mkishakubaliana tarehe na padri uniandikie mapema, na unitumie balbu nyingine, maana harusi napiga mimi. Na hizo taa zako tatu usije nazo. Huku hakuna pa kuzichomeka.

Baba yako mkubwa,
Zengo Mayala